Enrico Fermi, Mtu wa Kwanza Kuendesha Kinu cha Nyuklia



Muhula uliopita tuliulizwa darasani kila mmoja angependa kufanya kazi gani. Wenzangu walitaja udaktari, uanasheria na urubani. Mimi nikasema nataka kuwa mwendeshaji wa mtambo wa umeme wa nyuklia. Lo! Darasa liliangua kicheko. Mmoja akataka kujua kama mtambo huo utajengwa Manga au Keroka. Nilinyamaza. Usiku huo, tukiwa katika kudurusu, mvua ikanyesha na stima ikapotea, kama ilivyo desturi huku kwetu Kisii. Nikabaki gizani nikiwaza: huyo wa kwanza kabisa kuifanya kazi hii alianzia wapi, maadamu kazi yenyewe haikuwepo?

Nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia, naye akanipa jina moja tu: Enrico Fermi.

Fermi alizaliwa mjini Roma, Italia, tarehe 29 Septemba 1901. Babake alifanya kazi katika shirika la reli na mamake alikuwa mwalimu. Enrico na kaka yake Giulio, waliyepishana kwa mwaka mmoja hivi, walikuwa kama chanda na pete. Pamoja waliunda mota za umeme kwa mikono yao. Januari 1915 Giulio alipelekwa kupasuliwa jipu la koo, jambo dogo tu, akafia huko huko. Enrico alikuwa na umri wa miaka 13. Mama aliemewa na huzuni, na kijana naye akajitupa vitabuni. Katika soko la Campo de' Fiori, palipouzwa vitabu vikuukuu, alinunua kitabu cha fizikia chenye kurasa karibu 900 kilichoandikwa kwa Kilatini, akakisoma chote. Mimi huwa nalalamika eti kitabu chetu cha Fizikia kina Kiingereza kigumu! Niliona haya kidogo.

Mhandisi mmoja rafiki wa babake, Amidei, alikiona kipaji hicho akawa anamwazima vitabu. Mwaka 1918 Fermi aliingia chuo cha Pisa, na kufikia mwisho wa 1926 alikuwa profesa huko Roma, miaka 25 tu.

Mwaka 1934 yeye na wenzake walikuwa wakizirushia atomu chembe zinazoitwa nyutroni. Wakagundua jambo la ajabu: nyutroni ikipitishwa kwenye nta au maji hupunguza mwendo, na ikienda polepole ndipo inapoingia ndani ya atomu kwa urahisi zaidi. Walilihakikisha kwa kutumia maji ya kidimbwi cha samaki katika bustani ya chuo. Ugunduzi huo ndio msingi wa vinu vingi vya leo. Hata hivyo, Fermi alikosea pia. Aliporushia urani nyutroni alidhani ameunda elementi mpya. Kumbe alikuwa ameipasua atomu ya urani bila kujua! Wanasayansi wa Ujerumani ndio waliolitambua hilo mwishoni mwa 1938, wiki chache baada ya yeye kutangaziwa Tuzo ya Nobeli.

Mwaka huo huo serikali ya Mussolini ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Mkewe Fermi, Laura, alikuwa Myahudi. Basi walifunga safari kwenda Stockholm kupokea tuzo, na kutoka huko hawakurudi kuishi kwao tena. Tarehe 2 Januari 1939 walishuka melini New York na watoto wao wawili. Mmoja alikuwa amepewa jina la Giulio.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Chini ya jukwaa la uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, Fermi na wenzake walijenga rundo la tabaka 57 za matofali ya grafiti, na ndani yake wakatia urani. Urani nyingi iliyotumiwa katika mradi ule wa vita ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na Wakongo, katika nchi ambako Kiswahili kinasemwa hadi leo. Fimbo zilizovikwa kadimiamu, ambayo humeza nyutroni, zilitiwa ndani ili kuuzuia moto wa atomu usiwake.

Ilikuwa Jumatano, 2 Desemba 1942, na baridi kali. Kijana George Weil alisimama chini akiwa ameishika fimbo ya mwisho. Mwingine alishika shoka, tayari kukata kamba ili fimbo ya dharura ianguke. Watatu wakakaa juu na ndoo za maji ya kadimiamu. Weil alivuta fimbo kidogo tu, kisha wakangoja. Kabla ya kila mvuto Fermi alikokotoa kwa rula yake na kusema mshale utapanda hadi wapi na kusimama wapi. Ukasimama pale pale alipotaja. Ilipokaribia saa sita mchana fimbo moja ya usalama ikaanguka yenyewe kwa kishindo, kwa kuwa ilikuwa imetegwa mapema mno. Watu wote walikuwa roho juu. Fermi akaamuru waende kula chakula cha mchana!

Walirejea saa nane. Baada ya saa tisa alasiri, Weil alivuta kwa mara ya mwisho na mshale ukapanda bila kusimama. Kinu kilitoa nusu wati tu, kisichotosha hata kuwasha balbu ya bwenini. Kisha Fermi akaagiza kizimwe.

Babangu mdogo huhudumia boila katika kiwanda kimoja cha majani chai huko Nyamira. Nilipomsimulia kisa hiki hakustaajabia atomu hata kidogo. Alichokipenda ni kile chakula cha mchana. Alisema kwa lugha yetu kwamba hata yeye hatii kuni kabla ya kujua geji itafika wapi. Na kwa kweli mtambo wa nyuklia nao huchemsha maji, mvuke ukazungusha tabo. Tofauti ni moto wake.

Septemba 1944 Fermi alikuwepo Hanford, Marekani, kinu kikubwa kilipowashwa. Kiliwaka saa chache kisha kikafifia chenyewe hadi kikazimika. Iligunduliwa kuwa zenoni, gesi inayozaliwa humo humo kinuni, ilikuwa ikimeza nyutroni. Bahati njema wahandisi walikuwa wameacha nafasi za kuongeza urani. Zenoni hiyo hiyo ilichangia maafa ya Chernobyl tarehe 26 Aprili 1986: nguvu ilikuwa imeshuka mno, waendeshaji wakachomoa fimbo nyingi kupita kiasi ili kuipandisha.

Siwezi kuficha upande wa pili. Kinu cha Hanford kilitengeneza plutoni ya bomu lililoangushwa Nagasaki mwaka 1945, na Fermi alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne walioshauri kuwa bomu litumiwe vitani. Mwaka 1949 alipinga kutengenezwa kwa bomu kubwa zaidi, la haidrojeni, lakini hakusikizwa. Mimi hilo la kwanza linanikera hadi leo, nami nampenda mtu huyu.

Juni 1954 mtambo wa Obninsk, Urusi, ulianza kupeleka umeme wa nyuklia kwa watu. Fermi alifariki Chicago tarehe 28 Novemba mwaka huo kwa saratani ya tumbo, miaka 53.

Kenya iliunda bodi ya umeme wa nyuklia mwaka 2012. Palitajwa Uyombo, Kilifi, na wenyeji wakaandamana kupinga mwaka 2024. Kisha ikatajwa Siaya, si mbali sana na kwetu. Nimesoma pia kuwa mwendeshaji mpya hapelekwi moja kwa moja kwenye chumba cha mitambo. Huanza nje, akizunguka na tochi kukagua pampu na vali, kisha hufunzwa katika chumba kinachoiga kile halisi, ndipo afanye mtihani wa leseni. Babangu mdogo ameahidi kunipeleka kiwandani likizo ya Desemba nikamtazame akiwasha boila alfajiri. Ameniambia nije na daftari.