Machiko Hasegawa, mutoto wa mugodi aliyechora nyumba ya kila mutu

Bandugu bafanyakazi, bamama na batoto ya makambi, juma hii tunatoka kidogo mu Katanga, tunaenda mbali, mpaka Japani. Tunataka kueleza maisha ya mwanamuke mumoja aliyekufa tangu 1992. Hata leo, kila siku ya Mungu mangaribi, jamaa nyingi za kule zinakaa mbele ya televizio juu ya kazi ya mikono yake. Jina lake Machiko Hasegawa. Alichora hadithi za picha za kuchekesha, zile Bajapani banaita manga. Njo yeye aliyezaa Sazae-san.

Mutauliza: hii inatuhusu nini sisi bantu ya mugodi? Inatuhusu, na mutaona.

Machiko alizaliwa tarehe 30 Januari 1920 kule Taku, mu jimbo la Saga, ku kisiwa kikubwa kinachoitwa Kyushu. Taku ya wakati ule ilikuwa inchi ya makaa ya mawe. Vile Kipushi na Kolwezi zilikula na kuvaa juu ya shaba, Taku ilikula juu ya makaa. Baba yake alikuwa injinia wa migodi ya makaa. Kwa hiyo tunaweza kusema bila kuongeza chumvi: huyu alikuwa mutoto wa mugodi sawa batoto yetu.

Kisha jamaa ilihamia Fukuoka, muji mukubwa wa kisiwa kile kile. Mu nyumba kulikuwa mabinti watatu: Mariko mukubwa, Machiko wa katikati, Yoko mudogo. Mu 1933 baba akafa. Machiko alikuwa na miaka 13. Hapa Lubumbashi hakuna mwenye haja ya kuelezwa maana yake, nyumba kukosa yule aliyekuwa anapeleka mushahara. Bajane bengi banarudi kwa jamaa, batoto banagawanywa, mumoja kwa mujomba, mwingine kwa shangazi. Mama Sadako hakufanya vile. Mu 1934 alikamata mabinti yake wote watatu akaenda nabo Tokyo, muji mukuu, abasomeshe.

Machiko alipenda kuchora kupita vyote. Wakati ule kulikuwa muchoraji mumoja mwenye sifa kubwa, Suiho Tagawa. Batoto ya Japani yote balijua mbwa wake mweusi Norakuro, aliyeingia mu jeshi. Machiko akapata kuwa mwanafunzi wake. Mu 1935, na miaka yake 15, picha zake za kwanza zikatoka mu gazeti la mabinti. Bantu banamuhesabu kuwa mwanamuke wa kwanza mu Japani kuishi kwa kazi ya kuchora manga. Mbele yake ilikuwa kazi ya banaume paka.

Halafu vita. Mu 1944 jamaa ilikimbia Tokyo ikarudi Fukuoka. Machiko akapata kazi ya kuchora mu gazeti la kule, Nishinippon Shimbun. Mu Juni 1945 ndege za Marekani zikachoma Fukuoka. Na mu Agosti njo ikaja ile tunayoijua sisi kupita bengine. Tarehe 6 bomu ya atomu ikaanguka Hiroshima, tarehe 9 ingine ikaanguka Nagasaki. Nagasaki iko ku kisiwa kile kile cha Machiko. Tena siku ile ndege ilitumwa kwanza Kokura, muji wa jimbo la Fukuoka. Anga ilikuwa imefunikwa, rubani hakuona chini, njo akaendelea mpaka Nagasaki. Na uranium, ile Bamarekani balitumia kutengeneza mabomu, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, pale karibu na Likasi. Bababu zetu balichimba majiwe yale kwa mikono bila kuelezwa yanaenda wapi. Tunaandika hii si kwa kujipiga kifua wala kwa kujitupia kosa. Tunaandika juu bantu ya mugodi bajue: jiwe likitoka kwetu linaenda kufika ku nyumba ya mutu, na mu nyumba ile kuko mama, kuko batoto, kuko sufuria ku moto.

Na Machiko, vita ilipoisha, alichora nini? Alichora ile nyumba na ile sufuria.

Gazeti dogo la mangaribi la Fukuoka, Fukunichi, lilimuomba kitu cha kuchekesha bantu. Nyumba yabo ilikuwa karibu na bahari, na yeye alipenda kutembea ku muchanga. Kule njo alipata majina. Sazae ni konokono wa bahari. Ndugu yake mudogo Katsuo ni jina la samaki, na dada mudogo Wakame ni majani ya bahari yanayoliwa. Baba anaitwa Namihei, mu jina lake muko mawimbi. Mama ni Fune, ni kusema mashua. Bwana ya Sazae ni Masuo, samaki tena. Na mutoto wabo Tara ni ndugu ya makayabu yetu! Ni sawa mutu wa Pweto aite batoto yake Mpende na Kapenta. Bajapani balicheka kabla hata ya kusoma hadithi yenyewe.

Picha ya kwanza ilitoka tarehe 22 Aprili 1946. Siku kumi na mbili mbele yake, tarehe 10 Aprili, banamuke ya Japani balikuwa bamepiga kura ku uchaguzi wa bunge kwa mara ya kwanza. Inchi ilikuwa na njaa, chakula kilitolewa kwa kipimo sawa poso ya zamani ya Union Minière, askari ya Marekani balijaa mu mabarabara. Mu hali ile njo Sazae akaingia: musichana mwenye sauti kubwa, anayesahau vitu, anayeanguka, anayecheka kwanza yeye mwenyewe. Hakuwa mwanamuke wa kuinamisha macho. Alisimama kusema juu ya haki ya banamuke, na alipoolewa alimuongoza bwana yake mpaka majirani wakashangaa.

Kila hadithi ilikuwa na picha nne tu, moja chini ya ingine. Ya kwanza inaweka jambo, ya pili na ya tatu zinalisukuma, ya nne inageuza, na mutu anacheka. Hakuna mashujaa wala vita wala uchawi. Kuko bibi anaenda ku soko na kusahau kikapu. Kuko mutoto anaficha karatasi ya shule yenye alama mbaya. Kuko baba mwenye nywele moja ku kichwa anayeilinda sawa feza. Na kuko Masuo, anayekaa na bibi yake ku nyumba ya bazazi ya bibi. Hapa kwetu mwanaume anayekaa ku buko banamucheka mpaka analia! Masuo anakaa ku buko kwa amani, anakunywa pombe na baba-mukwe, na bote bawili banaogopa bamama ya nyumba. Sisi tuliozoea michezo ya kikundi cha Mufwankolo, na mambo yake ya bwana na bibi, ya jirani na ya deni, tunaelewa haraka. Ni mafuta ya chungu kimoja.

Sasa, bandugu, fikeni hapa kwa makini, juu hapa kuko somo la sendika.

Hadithi ilipoanza kupendwa, mama Sadako aliona mbali. Aliuza nyumba ya Fukuoka, jamaa ikarudi Tokyo, na badala ya kupeleka michoro kwa tajiri wa vitabu, mama na mabinti bakafungua nyumba yabo ya kuchapa vitabu. Baliiita Shimaisha, maana yake kampuni ya ndugu wanawake. Mariko alishika mambo ya kampuni, Machiko alishika kalamu. Kitabu cha kwanza kilikuwa kipana sana, benye maduka hawakupata namna ya kukipanga, mizigo ikarudi ikajaa mu nyumba. Bakakopa, bakatoa cha pili kwa kipimo kidogo. Kile kikauzika, na kikavuta hata vile vilivyolala. Kwa miaka mingi vitabu vya Sazae-san, 68 kwa jumla, vilitoka mu mikono ya jamaa yenyewe. Hakuna mutu wa katikati aliyekata.

Mu 1949 Sazae-san iliingia mu gazeti la mangaribi la Asahi, na tangu 1951 mu Asahi Shimbun ya asubui, moja ya magazeti makubwa ya inchi. Kuanzia pale ilikuwa kazi ya kila siku, sawa zamu ya mugodi. Ukiamka na homa, gazeti linangoja. Ukiwa na huzuni, bantu banangoja kucheka. Machiko aliumwa tumbo, alisimamisha kazi mara kadhaa, akarudi. Hadithi ya mwisho ilitoka tarehe 21 Februari 1974. Jumla yake inahesabiwa 6,477. Mwenye kusema kuchora si kazi, ahesabu. Na mu kati alipata hata nguvu ya kuchora mama mukongwe mubaya, Ijiwaru Baasan, kazi yake yote kusumbua bantu. Yule pia alipendwa sana.

Televizio ilikuja tarehe 5 Oktoba 1969. Picha zikaanza kutembea na kusema, ku Fuji Televizio, kila siku ya Mungu saa kumi na mbili na nusu ya mangaribi. Hazijasimama mpaka leo. Mu 2013 kitabu cha Guinness kiliandika kwamba ni mchezo wa katuni uliodumu kupita yote ya televizio duniani. Katsuo yuko mwaka wa tano wa masomo ya musingi tangu 1969, na hakuna mwalimu aliyemufukuza! Na kuko jambo moja litakalogusa kila nyumba ya mufanyakazi. Kule Japani bantu bamepatia jina la Sazae ule uzito wa roho unaokuja siku ya Mungu jioni. Mutu anasikia wimbo wa mwisho wa mchezo, anajua mapumuziko yameisha, kesho kazi. Sisi hatuna Sazae, lakini ule uzito tunaujua. Mama anapasi nguo ya kazi, baba ananyamaza, batoto banaambiwa balale.

Machiko hakuwa mutu wa maneno mengi mbele ya bantu. Hakuolewa, aliishi na jamaa yake, alikwepa wapiga picha. Lakini ukigusa kazi yake, unamukuta. Kampuni moja ya mabasi, Tachikawa, ilipaka sura za Sazae, Katsuo na Wakame ku mabasi yake ya watalii kwa miaka mingi, bila ruhusa. Machiko alipeleka mambo mbele ya sheria. Tarehe 26 Mei 1976 tribinali ya Tokyo ikasema yeye njo mwenye haki, kampuni ilipe. Hukumu ile inasomwa na banasheria ya Japani mpaka leo, juu ilisema wazi: sura uliyoizaa ku karatasi ni mali yako, hata mutu akiichora upya mu namna ingine. Tena alikataa michezo ya televizio iuzwe mu kaseti za nyumbani. Benye kuitaka balitakiwa bangoje siku ya Mungu.

Sisi tulipojua habari ile ya mabasi, tulikumbuka kalandari moja ya kampuni fulani ya hapa. Ku kila mwezi kulikuwa sura ya ndugu yetu, kofia ku kichwa, vumbi ku uso, meno inje. Hakuna hata mumoja aliyeulizwa, hakuna aliyepata franga. Bengine balifurahi kujiona, na hatuwezi kubalaumu. Lakini mutu aliyeelewa hesabu ya Machiko angeuliza: uso ule ni wa nani?

Alikufa tarehe 27 Mei 1992, miaka 72. Alikuwa ametaka kilio cha jamaa tu, bila makelele, na kweli inchi iliambiwa zaidi ya mwezi mumoja nyuma. Mu Julai ile ile serikali ikamupa Zawadi ya Heshima ya Taifa, ile inayotolewa na waziri mukuu. Kule Setagaya, mu Tokyo, kuko nyumba ya sanaa aliyoifungua na dada yake Mariko mu 1985, kwa vitu vya urembo balivyonunua pamoja.

Na Taku? Migodi ya makaa ya Kyushu ilifungwa moja moja. Ile kubwa ya Miike, ambapo mu 1960 bafanyakazi baligoma kwa miezi mingi kupinga kufukuzwa kwa bandugu yabo, ilifunga mu 1997. Makaa yalichomwa, moshi ukapotea. Kitu kilichotoka ku kalamu ya mutoto wa injinia bado kinalisha bantu: bachoraji, basemaji, benye televizio, walinzi wa nyumba ya sanaa.

Shaba yetu nayo ina mwisho, hata kama leo malori yanajipanga mpaka Kasumbalesa. Kwa hiyo, mama, ukikuta binti yako anajaza daftari la hesabu na picha za jirani anayegombana na bwana yake juu ya maji, usimupige haraka. Muulize kwanza kama ameandika jina lake chini.