Frederick Jones, fundi yatima aliyetia baridi ndani ya malori

Mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2019, mgonjwa wa Ebola aligunduliwa Ariwara, katika wilaya ya Aru, karibu na mipaka ya Uganda na Sudani Kusini. Chanjo iliyotumiwa jimboni Ituri wakati ule ilipaswa kuhifadhiwa kwenye baridi kali sana, kati ya digri 60 na 80 chini ya sufuri. Kuiweka ndani ya frigo kubwa mjini ni jambo moja, kuitembeza kwenye barabara ya udongo bila kuipoteza ni jambo lingine. Kazi hiyo ya kusafirisha baridi ina mtu aliyeifungulia njia: Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi aliyekufa tangu mwaka 1961.

Jones alizaliwa mwaka 1893. Wazazi wake hawakumlea. Alikulia kwa padri mmoja Mkatoliki huko Covington, jimbo la Kentucky, akifagia na kupika. Alipofika miaka 11 alitoroka, akavuka mto kurudi Cincinnati, akapata kazi ya kusafisha katika garaji. Shule yake iliishia hapo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye injini, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa tayari fundi anayetegemewa na wenzake waliomzidi umri.

Mwaka 1912 alihamia Hallock, kijiji cha baridi kali kaskazini mwa Minnesota, akatengeneza mashine za shamba kubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi la Marekani huko Ufaransa kama fundi umeme. Aliporudi Hallock alijifunza elektroniki peke yake kwa vitabu, akaunda mtambo wa kurusha matangazo ya redio na mashine ya eksirei ya kubebeka kwa ajili ya daktari wa kijiji. Kwa eksirei hiyo hakuomba hati ya uvumbuzi, na wengine ndio waliokula faida ya mashine za namna hiyo. Ni kosa ambalo mafundi wengi wa huku kwetu wangelitambua.

Kisha zikaja sinema za sauti. Jones aliunda kifaa cha kutia sauti kwa vyuma vilivyotupwa, na habari zake zikamfikia Joseph Numero, mfanyabiashara wa vifaa vya sinema mjini Minneapolis, aliyemwajiri karibu mwaka 1930.

Karibu mwaka 1938, mwenye malori mmoja alimlalamikia Numero kwamba kuku wake walikuwa wameoza njiani. Wakati ule nyama ilisafirishwa juu ya vipande vya barafu; lori likiharibika kwenye jua, barafu inayeyuka na mali yote inakwenda. Wahandisi walikwisha kujaribu kufunga frigo kwenye gari, lakini mitikisiko ilipasua mabomba na kulegeza vyuma. Numero aliahidi kama mtu anayefanya mzaha. Jones hakuchukua kama mzaha. Aliingia ndani ya lori, akapima, akapiga hesabu, akasema inawezekana.

Ili kuelewa alichofanya, inafaa kujua kwamba frigo haitengenezi baridi. Inahamisha joto. Ndani ya mabomba yake mnazunguka kitu kimoja ambacho mara ni maji maji, mara ni gesi. Kinapopita kwenye vali ndogo ya upanuzi, msukumo wake unashuka ghafula, na kinachemka hata kwenye baridi. Ili kichemke kinahitaji joto, nacho kinalichukua kutoka ndani ya sanduku lenye nyama; sehemu hiyo ya mabomba inaitwa evaporeta. Gesi iliyobeba joto inavutwa na kompresa, moyo wa mtambo, ambayo inaikandamiza mpaka inakuwa moto kuliko hewa ya nje. Halafu inaingia kondensa, feni inaipuliza, joto linatoka nje na gesi inarudi kuwa maji maji. Ndiyo maana mgongo wa frigo ya nyumbani una joto. Na ndiyo maana vumbi jekundu la Aru ni adui wa frigo na viyoyozi: kondensa ikifunikwa na vumbi, joto halina pa kutokea, kompresa inachoka na kufa, huku mwenyewe akifikiri gesi imeisha.

Jones aliweka vitu hivyo vyote pamoja, na injini yao ndogo ya petroli, vikiwa vimefungwa imara ili vivumilie barabara mbaya. Mtambo wa kwanza ulikaa chini ya lori, ukawa mzito mno na ukajaa tope. Akaupunguza uzito, akaupandisha mbele juu ya sanduku, karibu na kichwa cha lori, mahali unapoonekana hadi leo. Akaongeza kifaa cha kuwasha na kuzima injini chenyewe kulingana na joto la ndani, ili dereva asihangaike usiku.

Numero aliacha biashara ya sinema na kuanzisha kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Thermo King. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mitambo ya Jones ilihifadhi chakula, dawa na damu kwa ajili ya wanajeshi waliojeruhiwa. Mwaka 1944 akawa mtu mweusi wa kwanza kuingizwa katika shirika la wahandisi wa upoozaji la Marekani, inchi ambayo bado iliwatenga watu weusi katika majimbo mengi. Kwa jumla alipata hati za uvumbuzi 61, na karibu 40 kati yake zilihusu baridi.

Alikufa Minneapolis kwa kansa ya mapafu, Februari 1961. Nishani ya Taifa ya Teknolojia ilitolewa kwa jina lake mwaka 1991, miaka 30 baadaye, yeye pamoja na Numero.

Huko Ariwara, samaki wengi wa Ziwa Albert bado wanafika sokoni wakiwa wamekaushwa kwa moshi ao kwa chumvi.