Benedicto Kiwanuka: Mkalimani Aliyerudi Darasani

Katika parokia zetu za Dodoma tumezoea kuwaona watu wazima wakibeba madaftari. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, pamoja na Chuo cha Mipango na vyuo vingine, mji wetu umekuwa mji wa wanafunzi, na si wote ni vijana. Wapo akina baba na akina mama walioacha shule zamani kwa kukosa ada au kwa ugonjwa wa mzazi, ambao leo wanakaa dawati moja na rika la watoto wao. Wengine huona haya kulisema hilo hata katika jumuiya ndogondogo. Kwa ajili yao tumeona vema kusimulia maisha ya Mkatoliki mmoja wa nchi jirani, Benedicto Kiwanuka wa Uganda, ambaye wengi wetu tumesikia habari za kifo chake tu.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 katika eneo la Masaka, Buganda, mahali ambapo imani yetu ina mizizi ya zamani. Masomo yake ya ujana yalikatika kabla hajafika chuo. Mwaka 1942, vita kuu ikiendelea, alijiunga na jeshi la KAR, akafika Misri na Palestina, akapanda hadi cheo cha sajini-meja. Vita vilipokwisha alirudi nyumbani, akapata kazi ya ukalimani katika Mahakama Kuu mjini Kampala.

Hapa tunapenda kutua kidogo. Mkalimani wa mahakama husimama kutwa nzima kati ya mshtakiwa asiyejua Kiingereza na jaji asiyejua Kiganda. Sheria yote hupita kinywani mwake, hukumu ya kifungo na hata ya kifo, lakini yeye haruhusiwi kuongeza wala kupunguza neno. Atamwona mnyonge akishindwa kesi kwa kukosa wa kumtetea, naye atatafsiri kushindwa huko kwa ufasaha, kisha aende nyumbani. Hatushangai kwamba mtu mwenye akili hakuridhika kuishia hapo.

Lakini alikuwa na ajira ya kuaminika, tena alikuwa mume na baba. Mwaka 1950, akiwa na miaka 28, aliiacha kazi hiyo akaenda Basutoland, yaani Lesotho ya leo, kusoma katika Chuo cha Pius XII, kilichoanzishwa mwaka 1945 na maaskofu Wakatoliki wa kusini mwa Afrika mahali paitwapo Roma. Aliyekuwa akiwaamuru askari sasa alikuwa mwanafunzi, akijaza pengo la ujana wake. Mwaka 1952 alivuka kwenda London kusomea sheria, na mwaka 1956 akakubaliwa kuwa wakili. Miaka sita! Tusiipambe mno: ni mingi kwa nyumba yenye watoto, na gharama ya masomo ya namna hiyo hailipwi na mwanafunzi peke yake.

Siasa zake tutazipitia upesi. Mwaka 1958 alichaguliwa kukiongoza chama cha Democratic Party. Mwaka 1961 chama hicho kilishinda uchaguzi, ingawa ni haki kusema kwamba Waganda wengi waliususia. Na mwezi Machi 1962 Kiwanuka akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakudumu. Mwezi uliofuata Milton Obote na washirika wake walishinda uchaguzi mwingine, na mwaka 1969 serikali ya Obote ikamtia kizuizini. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971 alimfungua, kisha akamteua kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika nafasi hiyo. Yule mkalimani wa zamani sasa alikuwa mkuu wa mahakama zote nchini.

Septemba 1972 kesi ya Mwingereza mmoja aliyeshikwa na wanajeshi ilifika mbele yake. Swali lilikuwa jepesi kwa aliyesoma sheria, na la hatari kwa aliyeishi Kampala siku zile: je, jeshi lina mamlaka ya kumkamata raia na kumweka ndani bila kufuata sheria? Kiwanuka aliamua kwamba halina, akaagiza mtu huyo aachiliwe. Siku hizo hizo, tarehe 17, wafuasi wa Obote waliingia Uganda kwa silaha kutoka nchini kwetu, na hasira ya Amin ikazidi kuwaka. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha walifika Mahakama Kuu asubuhi, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini, wakamtia garini. Inasimuliwa kwamba walimvua viatu kwanza.

Alikuwa na miaka 50. Familia yake haikupewa mwili wa kuzika, na hadi leo kaburi hana.