Ibn Battuta na Waliompokea Ugenini

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada: katika vijitabu hivi vya khabari za waliotangulia, leo twamtaja Abu Abdallah Muhammad, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa Tanja, katika nchi ya Maghribi, mwezi wa Rajab 703 ya Hijra, nao ni mwaka 1304. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa elimu na ukadhi, na madhehebu yake ni Maliki.

Mwaka 1325 alitoka kwenda kuhiji, peke yake, na wazazi wake wawili wangali hai. Alipofika Constantine mvua imemlowesha, liwali wa mji aliona nguo zake zimechafuka, akaamrisha zifuliwe. Na badala ya shuka yake iliyochakaa akampa mpya, katika ncha yake mmefungwa dinari mbili za dhahabu. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichopewa safarini. Mbele ya hapo homa ilimzidi, hata akajifunga kwenye tandiko la mnyama wake kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka.

Hali hiyo ndiyo aliyoingia nayo Tunis. Watu walitoka kuwalaki wasafiri, kila mmoja akasalimiwa na amjuaye, naye hapana aliyemgeukia. Akalia. Haji mmoja akatambua kilichomliza, akamwendea, akamsalimu, akawa akimliwaza mpaka wakaingia mjini. Aliyepata kushuka chomboni katika bandari asiyoijua, mzigo mkononi na hana wa kumpokea, huyo ajua thamani ya salamu ile.

Mwaka 1326 alifika Dimashq, mji wa Sham, katika Ramadhani. Sheikh Nur al-Din al-Sakhawi, mwalimu wa Kimaliki, alimtaka awe akifuturu kwake. Akafuturu siku nne, kisha homa ikamzuia. Sheikh hakukubali udhuru; alimtaka aione nyumba ile kuwa ni ya baba yake au ndugu yake, akamwitia tabibu, akakaa naye hata siku ya Idi. Na alipotaka kwenda Makka na fedha imemwishia, sheikh alimkodia ngamia, akampa masurufu, na juu yake akamwongeza fedha za haja nyingine.

Baada ya hapo alizunguka zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, akawasifu wazee wetu kwa dini na wema, na kueleza kuwa ni Mashafii. Kutofautiana madhehebu hakukumfanya apunguze sifa. Alikuwa kadhi Delhi, akapata mali nyingi. Baadaye merikebu ikavunjika Calicut, na tena wanyang'anyi wa baharini wakamvua kila kitu wasimwachie ila suruali. Huko China alikutana na al-Bushri, mtu wa Sabta, mji wa jirani na kwao, ambaye walikwisha kuonana Delhi. Al-Bushri akamkirimu kwa zawadi nyingi, wakalia wote wawili.

Mwaka 1348 alirejea Dimashq. Zamani aliacha hapo mke mwenye mimba, na alipokuwa India alipata khabari kuwa amezaa mtoto mwanamume, akampelekea babu yake mtoto dinari 40 za dhahabu. Wako wamlaumuo kwa kuwaacha hivyo, nasi hatumtetei. Aliingia msikitini, akamwona Sheikh Nur al-Din al-Sakhawi, yule yule aliyemuuguza. Akamsalimu, na sheikh asimjue, hata alipojitaja. Akamwuliza khabari za mwanawe. Akaambiwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita. Kisha sheikh akamwelekeza kwa mtu wa Tanja aliyekuwa akikaa katika madrasa moja ya mji ule. Akamwendea, akaambiwa kuwa baba yake amekufa miaka kumi na mitano, na mama yake yu hai.

Akashika njia ya kwao. Lakini mwaka ule tauni ilikuwa ikiua watu nchi kwa nchi, na alipofika Taza, karibu na Fez, alipata khabari kuwa mama yake naye amekufa kwa tauni. Mwezi wa Novemba 1349 akaingia Fez, kisha akaenda Tanja kuzuru kaburi lake.

Baadaye, alipokuwa akienda nchi za Sudan mwaka 1352, alishukia Sijilmasa katika nyumba ya faqihi mmoja, akaona ni nduguye yule al-Bushri wa China. Wana wa mama mmoja, mmoja ukingo wa jangwa na mmoja mwisho wa dunia, na nyumba zote mbili zikawa wazi kwake.

Aliporejea, Sultani Abu Inan aliamrisha khabari zake ziandikwe, naye akamsomea Ibn Juzayy, na kitabu kikatimia Desemba 1355. Wako waliomkadhibisha pale Fez. Lakini mali yake ilikwisha baharini, na wazazi wake walikwisha kuzikwa. Alichorejea nacho ni majina ya waliompokea, kadhi na fakiri na mfalme, akawataja kila mmoja na mji wake na alichomtendea. Haji wa Tunis hakutajwa jina, ila tendo lake limo, mwanzo kabisa wa kitabu.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wote waliomfungulia milango. Amin.