Al-Khwarizmi chini ya mwembe wa Busiu

Muhula uliopita nilipelekwa Busiu, katika barabara ya Mbale kwenda Tororo, kwa mazoezi ya kufundisha hisabati kidato cha pili. Siku ya kwanza niliandika x ubaoni, darasa zima likanyamaza. Binti mmoja wa mbele akauliza hiyo x ni nini hasa. Sikuwa na jibu. Hata mimi niliikariri tu.

Usiku ule nikamrudia Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Nisba yake ni ya Khwarizm, kusini mwa Bahari ya Aral, lakini kazi aliifanya Baghdad, katika Baytul-Hikma, zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833). Alitengeneza majedwali ya nyota, akaandika jiografia, akafundisha hesabu kwa tarakimu za Kihindi. Jina lake, likitamkwa na Walatini, ndilo lililozaa algoriti ya watu wa kompyuta. Alifariki karibu mwaka 850.

Kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala, cha karibu mwaka 820, hakina x hata moja. Chote ni maneno. Kisichojulikana anakiita kitu, au mzizi. Mzizi ukizidishwa kwa wenyewe ni mali, neno letu lile lile. Al-jabr ni kuunga, kama aungavyo mfupa mganga wa viungo: kilichopungua upande mmoja hurudishwa kwa kuongezwa pande zote mbili. Na muqabala si mkabala wetu? Vya aina moja vikitazamana, hupunguzana. Tena sehemu kubwa ya kitabu ni wasia na mirathi, kwani aliwaandikia watu wenye mambo ya kugawana. Hilo sikuwahi kuambiwa darasani.

Kesho yake nikawatoa nje, chini ya mwembe, nikaiacha x ubaoni. Mtu amefariki, madeni yamelipwa, zimebaki shilingi 500,000, wana wawili na binti mmoja. Nikawaeleza kwamba katika sheria yetu mwana hupata mara mbili ya binti. Fungu la binti tuliite kitu. Vitu vingapi? Vitano, wakajibu. Yule binti alitaja 100,000 kabla sijaandika, kisha akauliza: je, mama yao akiwa hai? Mke ana thumni, 62,500, kwa hiyo kitu kikashuka hadi 87,500, na wavulana wakaanza kubisha. Kengele ikalia tukiwa bado hapo.