Paul Mboya wa Karachuonyo na Taarikhi ya Watu Wake



Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuliona jarida hili, ambalo ada yake ni kukumbusha maisha ya masheikh na wanavyuoni, leo likimtaja mtu aliyekuwa mchungaji wa kanisa. Na wasistaajabu. Dini yetu imetuamuru uadilifu hata kwa asiyekuwa wa mila yetu, na kazi njema haipungui uzito kwa kutendwa na mwingine. Tena kazi aliyoitenda mtu huyu ndiyo ile ile tuliyozembea sisi.

Mtu huyo ni Paul Mboya, wala asichanganywe na Tom Mboya wa Rusinga, waziri aliyeuawa Nairobi mwaka 1969. Huyu wetu alikuwa Mjaluo wa Karachuonyo, nchi iliyo kusini ya ghuba ya ziwa la Nyanza. Wazungu waliiita wilaya ile Kavirondo ya Kusini, kisha Nyanza ya Kusini, na mji wake wa serikali ulikuwa Kisii. Leo sehemu yake kubwa ni kaunti mbili, Homa Bay na Migori.

Mwaka 1906 Wasabato walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu, bandari ndogo ya ziwani ambayo hata Waislamu wana msikiti wao pale tangu zamani. Mboya alisoma kwa wamisheni hao, akawa mwalimu, halafu akawa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo katika nchi ile kufanywa wachungaji. Katika miaka ya 1930 serikali ikamtwaa ikamfanya chifu wa Karachuonyo.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Kadhi wa pwani akiletewa jambo la mirathi au la ndoa huifungua Minhaji, akatazama waliyoyasema maimamu, kisha akahukumu. Chifu wa ziwani alikuwa hana Minhaji. Watu walimjia na ugomvi wa mipaka ya mashamba, na ng'ombe wa mahari, na mjane arithiwe na nani, na mtoto wa nyumba ndogo apewe nini. Na sheria ya mambo yote hayo ilikuwa vifuani mwa wazee, kila mzee na kauli yake, na kila msiba uliondoka na mlango mmoja wa sheria. Mboya alilijua jambo hili. Akaketi na wazee, akauliza, akaandika, na mwaka 1938 kikatoka kitabu chake kwa Kijaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, yaani Wajaluo, mila zao na matendo yao. Ndani yake mna khabari za utawala wa kale, vita, ndoa, uzazi, maziko, na namna ya kujenga boma na kugawa ardhi. Kitabu hicho kimepigwa chapa tena na tena, na mpaka leo Wajaluo wakibishana juu ya mila zao hukirejea.

Hatusemi kuwa alikuwa mtu asiye na ila. Alikuwa chifu wa serikali ya kikoloni, na kazi ya machifu wa siku zile, ya kutoza kodi na kutoa watu wa kazi, haikuwafanya wapendwe na kila mtu. Husimuliwa kwamba hakupatana na Hussein Onyango Obama, Mwislamu wa Kendu, babu wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na kwamba ugomvi huo ulikuwa ni sababu moja ya Onyango kuhamia Alego. Na liko jambo jingine zito zaidi kwa wenye ilimu: mila ikishaandikwa huganda. Iliyokuwa ikitofautiana baina ya Karachuonyo na Suna au Kadem huwa moja, nayo huwa ni ile aliyoipenda mwenye kalamu. Haya ni kweli. Lakini asiyeandika hupotewa na yote, ya Karachuonyo na ya Suna pia.

Baada ya uchifu alikuwa katibu wa baraza la wilaya, na huko nako hakuiacha kalamu. Mwaka 1959 East African Literature Bureau ikamtolea kitabu cha pili, Utawala na Maendeleo ya Local Government South Nyanza, 1926-1957. Kitabu hiki, ndugu zetu, alikiandika kwa Kiswahili. Tunavyodhani sisi, aliona kwamba wilaya ile ina Wajaluo, na Wakisii, na Wakuria, na Wasuba, na lugha ya kuwakusanya wote ni hii yetu. Basi mtu wa Karachuonyo aliichukua lugha yetu akaandikia taarikhi ya baraza lake, nasi tulio na lugha hiyo tangu kuzaliwa hatuna kitabu mfano wa hicho juu ya mabaraza ya miji yetu.

Katika miaka hiyo hiyo, hapa Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mola amrehemu, Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937, alikuwa akiandika taarikhi ya utawala wa Mazrui. Aliiandika kwa Kiarabu. Akafa mwaka 1947 hajaimaliza, na haikupigwa chapa ila mwaka 1995, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa kazi ya British Academy. Ni miaka 48! Ilimu ya Sheikh ilikuwa bahari, wala hatuwapimi watu wawili hawa kwa mizani moja; lakini mkulima wa Karachuonyo alikisoma kitabu cha chifu wake mwandishi angali hai, na mvuvi wa Mombasa hakupata kuisoma taarikhi ya mji wake.

Sisi wenyewe tuliwahi kuitwa katika nyumba moja ya mji wa kale tukatazame sanduku la karatasi za mababu, zikiwemo hati za wakfu na za mashamba. Tulipofungua, mchwa walikuwa wametutangulia.

Kitabu cha Mboya cha 1959 tumekiulizia madukani hatukukipata. Aliye nacho na atuazime, tutakinakili na kumrudishia. Na mwenye hati za zamani nyumbani kwake na azilete darasani baada ya sala ya Isha. Hatutazichukua, tutaziandika mbele yake.