Helmholtz: Tabibu wa Jeshi Aliyepima Pumzi ya Sanduku

Fundi wa hapa Gisenyi anayejitengenezea sanduku la sabufa hukata mbao, hutoboa tundu la spika, kisha huacha chini mwanya mrefu mwembamba wa kupitishia hewa. Mwanya huo ukikosewa kipimo, besi huvuma kwa sauti moja tu, au hewa hufoka kama gurudumu lililotoboka, na fedha za mbao zimekwenda bure. Kanuni inayomwokoa fundi huyo haikutoka kwa muundaji wa redio. Ilitoka kwa aliyekuwa tabibu wa jeshi, Hermann von Helmholtz, aliyefariki kabla spika za namna hii hazijapata kuwako. Ndiyo maana leo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake.

Helmholtz alizaliwa Potsdam, Ujerumani, tarehe 31 Agosti 1821. Baba yake alikuwa mwalimu, na ijapokuwa kijana alitamani fizikia, nyumbani hapakuwa na fedha za kumsomesha. Mnamo mwaka 1838 aliingia chuo cha utabibu cha jeshi mjini Berlin. Serikali ilimlipia masomo kwa sharti kwamba akihitimu alitumikie jeshi miaka 8. Sisi tuliopita chuo cha kadeti twaujua uzito wa ahadi kama hiyo.

Mwaka 1843 alipelekwa kikosini Potsdam. Wakati wa faragha aliutumia katika maabara ndogo aliyoiandaa mle mle kambini. Mwaka 1847, kabla hajatimiza miaka 26, alieleza kwamba nguvu za maumbile hazipotei, bali hugeuka sura. Kazi hiyo ilimpa sifa, na mwaka 1848 aliruhusiwa kuondoka jeshini kabla ya muda wake kwisha. Mwaka 1851 aliwatangazia matabibu chombo cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai.

Hata hivyo, kwa fundi wetu, kazi iliyo kuu ni ile ya sauti, aliyoichapisha katika kitabu mwaka 1863. Helmholtz alitumia matufe matupu ya kioo na ya shaba, kila moja likiitikia sauti moja tu. Hewa iliyo tumboni mwa tufe hufanya kazi ya springi. Hewa iliyo shingoni ni mzigo unaochezeshwa na springi hiyo. Tumbo likiwa kubwa, au shingo ikiwa ndefu, sauti hushuka. Shingo ikiwa pana, sauti hupanda.

Sanduku la sabufa ni tufe hilo hilo lililovikwa mbao, na mwanya ndio shingo yake. Tuchukue sanduku lenye lita 60 za hewa, baada ya kutoa nafasi inayoliwa na spika na mwanya wenyewe. Mwanya wa sentimita 30 kwa 4, wenye urefu wa sentimita 40 hivi, utaitikia karibu na hertz 35, yaani mitikisiko 35 kwa sekunde. Anayeongeza eneo la mwanya mara mbili ili hewa isifoke, hana budi kuirefusha njia zaidi ya mara mbili, la sivyo besi itapanda.

Mmarekani Albert Thuras alipata hataza ya sanduku la spika lenye njia ya hewa mwaka 1932, na Neville Thiele wa Australia aliandika hesabu zake kwa ukamilifu mwaka 1961. Wote walijenga juu ya msingi wa yule tabibu.

Helmholtz alihamia Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1871. Huko alimfundisha Heinrich Hertz, ambaye jina lake ndilo kipimo tulichokitaja hapo juu. Alifariki tarehe 8 Septemba 1894, akiwa mkuu wa taasisi ya taifa ya fizikia na vipimo.

Mtoto wa mwalimu alilipiwa masomo na jeshi, na faida yake imefika hata ufukoni mwa Ziwa Kivu. Basi, ndugu fundi, shika rula na kalamu kabla hujashika msumeno.